Mguu wa Muthama Kwenye Breki

Muthama alifia kwenye foleni ya Ngong Road, na kwa muda mrefu hakuna aliyejua, kwa sababu taa za breki za pikapu yake zilikuwa zinawaka kama za dereva yeyote aliye hai.

Foleni ilisogea, yeye hakusogea. Aliyekuwa nyuma alipiga honi, akatukana, akampita. Wa pili naye hivyo hivyo. Huu ndio mji wetu: mtu akisimama njiani tunamtukana kwanza, kumwuliza kama yu hai ni baadaye, tukipata nafasi. Alikuwa ameketi wima, mikono kwenye usukani, uso umeelekea majumba ya Upper Hill, mguu wa kulia umelala juu ya breki kwa uzito wake wote. Nyuma yake kulikuwa na tangi lililojaa maji ya saluni za Kenyatta Market. Mchuuzi wa njugu ndiye aliyegonga kioo. Akagonga tena, kisha akaacha kugonga.

Watu walifungua mlango wakamtoa. Mguu ulipotoka kwenye breki, gari likaanza kutembea.

Lilikwenda polepole, mlango wazi, kiti kitupu, maji yakicheza ndani ya tangi. Waliombeba marehemu walikuwa wamesimama mbele kidogo, kando ya bampa, na gari likawa linawajia. Mmoja alipiga mayowe akamwachilia miguu. Pikapu iligonga gari lililokuwa mbele, ikabaki pale ikilisukuma kwa upole, mpaka mtu mmoja akapata ujasiri wa kuingiza mkono na kuizima.

Anayejua magari atasema hakuna ajabu hapo. Pikapu ile ni otomatiki, gia ilikuwa ndani, na otomatiki ukiiondolea breki hutambaa yenyewe. Lakini habari iliyofika kwetu Kawangware haikuwa hiyo. Kwetu ilifika kwamba gari lilimfuata mwenyewe.

Mjane wake anaitwa Kalekye, ingawa mtaani tunamwita Mama Stellah, kwa jina la binti yake aliye shule ya bweni. Nimepanga chumba katika ploti wanayopanga wao pia, na maji ninayooga ni ya kwake, kwa hiyo mengi ya haya niliyaona, na mengine alinisimulia mwenyewe akijaza mitungi.

Kabla ya maji alikuwa msusi. Alisuka watu Kenyatta Market tangu akiwa msichana, amesimama kutwa nzima katikati ya moshi wa nyama choma na joto la mashine za kukaushia nywele, na Muthama alikuwa mtu wa maji wa saluni yao. Mabomba yakikauka, Muthama huja na mtungi begani. Walioana hivyo. Baadaye wakanunua ile pikapu nyeupe, kuukuu, iliyokuwa imechakaa kwa watu wengine kabla haijawafikia, na Jumapili baada ya kanisa Muthama alikuwa akimfundisha mke wake kuendesha kwenye uwanja wa shule. "Hii haina klachi," alikuwa akimwambia. "Weka mguu wa kushoto mbali, usahau kama unao."

Niseme wazi ninaloliamini. Mji ambao mvua yake hubomoa nyumba za watu kila msimu, kisha mabomba yake yanakohoa hewa wiki nzima, umeshindwa na kazi yake ya kwanza. Kilomita chache kutoka kwetu, Muthangari, kuna nyumba zenye mabwawa ya kuogelea, na hata hao wananunua maji ya tangi. Nikilisema jambo hili kwa sauti, Mama Stellah hunicheka. "Ongea polepole, kijana. Wakitengeneza bomba nitakula nini?"

Mumewe alipozikwa Machakos, alirudi Nairobi na mama mkwe wake, bibi mmoja mwembamba aitwaye Wavinya. Kalekye humwita mwaitu, yaani mama, kama Wakamba wamwitavyo mama yao. Siku hiyo hiyo pikapu ililetwa kutoka kituo cha polisi ikaegeshwa uani. Kalekye alitaka kuanza kazi mara moja. Mwaitu akakataa.

"Mahali mwanangu alipoweka mguu wake wa mwisho hapaguswi kabla hapajaombewa."

Akaja na kichupa chake cha mafuta ya upako, mafuta ya zeituni yaliyotiwa manukato ya waridi, ambayo akina mama wa kanisa lake hupaka kila kitu: paji la uso la mgonjwa, kizingiti cha nyumba mpya, usukani wa gari kabla ya safari. Alipiga magoti kwenye mlango wa dereva, akamimina viganjani, akaanza kupaka breki. Alianza chini, pale unyayo unapokanyaga, akapanda na ule mkono wa chuma unaoishikilia, taratibu, mpaka juu kabisa kwenye giza chini ya dashibodi, kama mtu anayemkanda mgonjwa mguu mzima kutoka unyayo hadi gotini. Alikuwa akiongea Kikamba kwa sauti ya chini. Nilikuwa mlangoni kwangu na sikuona haja ya kuelewa maneno.

Kazi ikaanza. Kila siku Kalekye alijaza tangi kwenye kisima cha Kinoo, akashuka na Waiyaki Way, akapinda kuelekea Lavington na Muthangari, kisha Kenyatta Market. Kwa muda mambo yalikwenda vizuri. Halafu gari likaanza kushtuka.

Halikuwa likishtuka mjini. Lilisubiri barabara ifunguke, mwendo ukolee, injini itulie. Hapo ghafla injini inapaaza sauti, kama mtu aliyevuta pumzi kwa hofu, kisha inashuka tena, na gari zima linatikisika. Maji nyuma yanapiga ukuta wa tangi. Kisha kimya. Kisha tena.

"Ni kama kuna mtu anakanyaga kidogo, anaachilia," aliniambia. Alisema hivyo mara moja tu, akajuta.

Siku chache baadaye, jua likitua, watoto wa ploti walikimbia ndani wakilia. Pikapu ilikuwa imeegeshwa uani tangu alasiri, imezimwa, milango imefungwa, ufunguo umetundikwa ukutani kwa Kalekye. Taa zake za breki zilikuwa zinawaka. Ukuta wa nyuma wote ulikuwa mwekundu.

Tulisimama pale wapangaji wote na hakuna aliyesogea. Mwaitu alitoka na kiti chake kidogo, akaketi nyuma ya gari, ndani ya ule mwanga, akaweka mikono mapajani. Hakulia wala hakuomba. Alikaa tu kama mtu aliyetembelewa, na giza lilipoingia na baridi kushuka, taa zikazima zenyewe.

Kesho yake asubuhi alipaka mafuta tena. Zilipowaka jioni nyingine, akapaka tena. Kila gari liliposhtuka na Kalekye akateleza ulimi kusema, kichupa kilitoka.

Maneno husafiri. Huko Muthangari, mlinzi wa nyumba moja alimrudisha langoni, akisema madamu amepata mtu mwingine wa maji. Kenyatta Market, wasusi aliosuka nao miaka mingi walianza kuuliza maji yametoka kwenye gari gani. Mmoja alimwambia usoni, "Mama Stellah, sisi tunakupenda, lakini siwezi kuosha kichwa cha mteja na maji ya marehemu." Tangi likawa linarudi nyumbani nusu.

Ndipo akaja shemeji yake, Nzau, mdogo wa Muthama, mtu wa ofisi moja Upper Hill, na viatu vinavyoonyesha uso wako. Alisimama mbali na gari wakati wote aliokuwa akilizungumzia.

"Shemeji, mimi si mtu wa ushirikina, unanijua."

"Nakujua."

"Lakini kitu kikikataa, kimekataa. Kaka hataki. Jumapili wazee watakaa hapa, gari irudi Machakos iuzwe huko kabla haijaua mtu mwingine."

"Imeua nani?"

"Usinipandishie sauti, Mama Stellah. Nakuhurumia."

"Na huruma yako itanibebea maji?"

Alicheka kidogo, akamuaga mama yake, akaenda. Mimi damu ilichemka. Mjane ana haki ya mali ya mumewe, sheria ya nchi hii inasema hivyo, na hapa mtu mwenye digrii anatumia taa ya breki kumnyang'anya. Nikamwambia Kalekye twende kwa wakili. Akaniuliza wakili huyo atamlazimishaje msusi wa Kenyatta Market kununua maji. Alijua vizuri kilichokuwa kwenye mizani. Ikiwa Jumapili ingefika na gari bado linashtuka na kuwaka, lingeondoka, na yeye angerudi kusuka kwenye kiti cha kukodi huku ada ya Stellah ikimsubiri.

Asubuhi yake alilipeleka kwa Mbugua, fundi wa magari mwenye gereji nyuma ya wauza mbao.

Mbugua ni mtu mnene, aliyeokoka, mwenye maneno mengi. Alisikiliza, akavuta kijiti cha kupimia mafuta ya giaboksi, akakipangusa kwa karatasi nyeupe, akainusa.

"Ona. Bado ni nyekundu, na haina harufu ya kuungua. Ungekuwa umeunguza kitu ndani, hii ingekuwa nyeusi kama chai ya sufuria."

"Kwa hivyo?"

"Kwa hivyo sikufungulii giaboksi. Wengine hapa wangekufungulia wakale Krismasi na pesa yako." Alikunja ngumi mbili akazielekeza moja kwa nyingine. "Sikiza. Kwa otomatiki, injini na giaboksi hazijashikana. Ni kama feni mbili zinaangaliana ndani ya mafuta, hii ikizunguka inasukuma ile. Inaitwa konveta. Ndio maana unaweza simama na gia iko ndani na isizime. Sasa ukishika mwendo, kuna sahani hapo ndani inabana hizo feni zinakuwa kitu moja. Tunasema imeloki. Ukigusa breki tu, inaachilia. Yako inaloki, inaachilia, inaloki, inaachilia. Hiyo ndio mishtuko unasikia."

"Nani anaiachilisha?"

"Hiyo ndio tutauliza gari yenyewe."

Alitafuta waya unaopeleka umeme kwenye kile kinachobana sahani, akaunganisha waya mwingine mrefu, akaupitisha dirishani, na mwisho wake akafunga balbu ndogo kwa tepu juu ya dashibodi, mbele ya usukani. Balbu ikiwaka, imeloki. Ikizima, imeachilia. Kisha akasema Kalekye aende peke yake na tangi lake la maji mpaka Kinoo na kurudi, jua likiwa kali, naye angemfuata kwa pikipiki asikilize.

Safari hiyo Kalekye alinisimulia zaidi ya mara moja, na kila mara alikuwa akipunguza sauti akifika mahali pale pale.

Alishuka kutoka Kinoo. Kibanda cha gari kilikuwa cha moto, na lile joto lilikuwa limeamsha harufu ya waridi, ile ile iliyokuwa juu ya jeneza. Mwendo ulikolea. Balbu ikawaka, ndogo, ya manjano, imetulia. Akapumua. Karibu na Kangemi ikazima.

Injini ikapaaza sauti. Maji yakapiga ukuta. Kalekye akatazama miguu yake. Wa kulia ulikuwa kwenye pedali ya mafuta. Wa kushoto ulikuwa mbali, kama alivyofundishwa. Breki ilikuwa pale katikati, peke yake, inang'aa kwa mafuta ya upako.

Balbu ikawaka. Ikazima. Ikawaka.

"Nikamwita," aliniambia. "Nikasema, Muthama. Kisha nikaona aibu. Halafu nikaogopa kwamba nimeona aibu mapema, labda angeitika."

Alisimama kando ya barabara. Mbugua akaja nyuma yake, akavua kofia ya pikipiki, na uso wake haukuwa wa mtu mwenye maneno mengi.

"Mama Stellah, mbona ulikuwa unakanyaga breki barabara yote?"

"Sijakanyaga."

"Nimeona taa. Zinawaka, zinazima, kutoka huko juu."

"Mbugua, sijakanyaga breki hata mara moja."

Magari yalikuwa yakipita kwa kishindo. Mbugua alitazama kile kiti cha dereva kama mtu anayetafuta wa kusalimia.

"Basi giaboksi haina makosa," alisema hatimaye. "Inatii tu. Inaambiwa mtu amekanyaga breki, inaachilia."

"Inaambiwa na nani?"

Walirudi gereji, na pale akamweleza, akiwa amesimama hatua kadhaa kutoka kwenye gari, kwamba juu kabisa ya ule mkono wa breki kuna swichi ndogo. Usipokanyaga, mkono wa breki unaibonyeza na taa hazipati umeme. Ukikanyaga, swichi inaachiliwa, taa zinawaka, na giaboksi inapewa habari. Aliyekuwa akisema uongo ni huyo swichi, au kitu kilicho karibu yake.

"Sasa ingiza mkono uangalie."

"Mimi?"

"Kwani fundi ni nani?"

"Mama, mimi nimeokoka, lakini mguu wa mtu ulikufa hapo. Nyinyi Wakamba mambo yenu ya uchawi ya huko Kitui msiniletee."

"Sisi ni wa Machakos. Na nyinyi Wakikuyu, maiti mnaogopa, shamba lake je?"

Vijana wa mbao walicheka mpaka mmoja akaangusha ubao. Mbugua mwenyewe alicheka, lakini mkono hakuingiza. Basi Kalekye akavua kitambaa cha kichwa, akalala chali kwenye sakafu ya gari, miguu ikining'inia nje, kichwa chini ya usukani, pale ambapo magoti ya mumewe yalikuwa siku ile. Kulikuwa na giza, na harufu ya waridi ilikuwa nzito kiasi cha kumkaba. Akapandisha vidole kwenye ule mkono wa chuma, taratibu, njia ile ile aliyoona mkono wa mwaitu ukipita.

Juu kabisa, vidole vyake viligusa kitu laini, chenye unyevu, kama ufizi.

Alipiga kelele, Mbugua naye akapiga, bila kujua ni ya nini. Lakini Kalekye hakutoa mkono. Alikishika akakivuta. Kilinyooka kama pipi ya kutafuna, kikakatika.

Alikaa kwenye kiti akakitazama kiganjani. Kilikuwa raba, au kilikuwa kimewahi kuwa raba, kipande kidogo cha mviringo kinachokaa kwenye tundu la mkono wa breki na kuibonyeza ile swichi. Sasa kilikuwa kimevimba na kuyeyuka nusu. Akakinusa. Akakipikicha kati ya kidole gumba na cha shahada, kama alivyopikicha mafuta ya nywele maisha yake yote ya saluni, na hapo akaelewa. Kila msusi anajua usiache raba za kufungia nywele ndani ya kopo la mafuta. Zinavimba, zinalegea, zinakuwa ute, na ukizifunga kwenye kichwa cha mtu zinakukatikia mkononi.

"Ni mafuta," alisema. "Yamekula raba."

Mbugua alisogea sasa, taratibu, akachungulia. "Asubuhi kukiwa na baridi inakaza kidogo, inabonyeza. Jua likichoma, inalegea. Swichi inatoka." Alitikisa kichwa. "Ndio maana jioni. Gari imeshinda juani." Kisha akauliza, kwa sababu hakujua, "Lakini nani amemwaga mafuta huko juu? Fundi gani mjinga?"

Kalekye akafunga kiganja.

Mbugua alichomoa kipande kigumu cha plastiki kwenye gari bovu lililokuwa nyuma ya gereji, akampa kwa ncha ya koleo, mkono umenyooshwa kama anamlisha mbwa mkali. Kalekye alipangusa mafuta yote kwa kitambaa na sabuni, akakipachika mwenyewe. Wakarudia safari ile ile, jua lile lile. Balbu iliwaka ilipofika mwendo wake, na haikuzima mpaka Kalekye mwenyewe alipogusa breki ili apinde. Jioni hiyo uani hakukuwa na mwanga wowote. Mwaitu alitoka na kiti chake, akakaa nyuma ya gari mpaka baridi ikamrudisha ndani.

Jumapili Nzau alifika na wazee wawili wa ukoo. Mkubwa wao, Mzee Masila, alikuwa ameshaleta dereva wa kulipeleka gari Machakos. Kalekye alikuwa na ile raba ndani ya mkoba, imefungwa kwenye karatasi. Nilikuwa nimemsihi tangu Ijumaa aiweke mezani mbele yao wote. Ukweli huu hapa, ushikeni, uko mikononi mwenu. Niliuona mkutano ule kama siku ambayo uongo mmoja mdogo, kati ya maelfu yanayotumika kuwanyang'anya wanawake wetu, ungevunjika hadharani.

Kabla watu hawajaketi, mwaitu alitoka kwenda uani na kichupa chake. Alitaka kulipaka gari kwa mara ya mwisho ili lisafiri salama. Kalekye alimfuata na kumkuta amekwisha kupiga magoti kwenye mlango wa dereva. Akamshika mkono.

"Mwaitu, usimimine hapo."

"Unanikataza kumwombea mwanangu?"

"Sikukatazi kuomba. Usimimine."

Akafungua mkoba, akamwonyesha, akamweleza. Nilikuwa dirishani kwangu, na nilichosikia ni sauti ya Kalekye, taratibu sana, kama anamwambia mtoto. Bibi aliichukua ile raba akaigeuza kiganjani.

"Kwa hivyo ni mimi niliyekuwa nawasha."

"Hukujua, mwaitu."

"Nilikuwa nakuja kukaa naye."

"Najua."

Mwaitu akafunga kichupa. Alizunguka mpaka nyuma ya gari na kusimama pale, kati ya bampa na ukuta. Jua lilikuwa limeshuka nyuma ya nyumba na uani kumekuwa na kivuli. "Niwashie," alisema. "Mara moja."

Kalekye akapanda. Aliketi, akaweka mikono kwenye usukani, akakanyaga breki. Ukuta ukawa mwekundu, na kwenye kioo cha pembeni akamwona bibi amesimama ndani ya ule mwanga, uso umeinuka, macho yamefumba. Aliniambia baadaye kwamba hakujua aishikilie breki kwa muda gani. Mguu ulianza kufa ganzi. Akafikiri kwamba hivi ndivyo alivyokaa Muthama, mikono hivi, uso hivi, mtu akiwa nyuma anasubiri, na akaogopa kuuinua mguu kuliko alivyowahi kuogopa kitu chochote kwenye gari lile. Ni mwaitu aliyesema, "Basi. Inua." Akainua. Giza likarudi uani.

Bibi aliingia ndani kabla yake, na hakungoja maombi ya kufungua kikao.

"Muthama ameinua mguu," alisema. "Gari libaki na mke wake."

Nzau alisimama. "Mwaitu, lakini tulikubaliana."

"Wewe ulikubaliana. Na nani?"

"Taa zinawaka zenyewe! Watu wote wa hapa wameziona!"

"Zimewaka jana? Juzi je?" Mwaitu aliwatazama wapangaji waliojazana mlangoni, na sisi tukatikisa vichwa. "Ameinua. Mimi ndiye nilikuwa nakaa naye, si wewe. Wewe ulikuwa unasimama kule kwa lango na viatu vyako."

Mzee Masila alicheka hadi akakohoa, akamwambia dereva wake anywe chai wakaondoke. Jambo likaisha hapo. Raba haikutoka kwenye mkoba.

Kesho yake asubuhi nilimkuta Kalekye akifunga kifuniko cha tangi na sikuweza kunyamaza. Nilimwambia gari ni lake kwa haki, si kwa ruhusa ya maiti. Nikamwuliza kwa nini ameacha uongo ushinde, na kama marehemu anaweza kuinua mguu, kesho Nzau si atasema ameurudisha?

"Wewe ungemsimamisha yule mama mbele ya wazee, umwambie ameharibu gari kwa maombi yake?"

"Ningesema ukweli."

"Nimeusema. Nimemwambia anayehusika." Akapangusa mikono. "Saluni tatu zimenipigia simu leo, kijana. Habari imeshafika Kenyatta Market kwamba ameinua mguu. Ningewapelekea habari ya raba, wangeniuliza raba ni nini."

Sikukubaliana naye, na mpaka leo sikubaliani. Haki inayotegemea mzuka siku moja itachukuliwa na mzuka. Lakini alikuwa amepanda garini, na kabla hajawasha akaniambia jambo moja zaidi, bila kunitazama.

"Mwaitu anasema mara ya kwanza ziliwaka jioni tuliyotoka mazishini. Alikuwa peke yake uani. Mafuta alikuwa hajamimina bado."

"Raba ilikuwa imezeeka tayari," nilisema upesi.

"Ndivyo Mbugua anavyosema."

"Na wewe?"

"Mimi naenda Kinoo, foleni ya kisima isiwe ndefu."

Akaondoka. Langoni alisimama kupisha mkokoteni wa taka, taa zikawaka, na mkokoteni ulipopita zikazima, akapinda kushoto kuelekea barabara kubwa.